Aliyeshinda mbio na aliyechukua ubingwa: kufumbua ubishi wa Formula 1

Jumapili ya tarehe 7 Disemba 2025, mbio za mwisho za msimu wa Formula 1 zilianza Abu Dhabi saa kumi alasiri kwa saa zetu, na kabla ya adhana ya Magharibi zilikuwa zimekwisha. Ubishi haukwisha. Kwenye maskani moja ya Kikwajuni, Zanzibar, ambako sisi hunywa kahawa jioni, ulianza pale pale mbele ya televisheni, ukakatishwa na sala, ukarudi pamoja na dele la kahawa na sahani ya kashata, na ilipofika Isha watu walikuwa wamegawika makundi matatu. La kwanza lilisema kwamba Max Verstappen wa Red Bull ameshinda mbio na bado amenyimwa ubingwa, kwa hiyo lazima kuna mkono wa mtu. La pili lilisema kwamba Lando Norris wa McLaren ni bingwa wa kupewa, kwa kuwa mwenzake wa timu aliwahi kuamriwa ampishe. La tatu, ambalo wengi wake ni vijana walioujua mchezo huu kupitia simu zao miaka ya karibuni, lilishikilia kuwa dereva hana lake, kila kitu ni gari, na yeyote angekaa ndani ya gari la McLaren angechukua ubingwa.

Niliwasikiliza wote, na naamini kila kundi lilikuwa limeshika kipande cha ukweli. Kilichowapoteza ni kwamba walikuwa wakijibu maswali manne kwa jibu moja: nani alikuwa na kasi zaidi, nani alivunja kanuni, nani alitii amri ya timu yake, na nani alifanya uungwana. Kila swali kati ya hayo lina mizani yake, na mtu anaweza kupata alama ya juu kwenye mizani moja na kuanguka kwenye nyingine. Dereva anaweza kuwa na kasi na asiwe muungwana. Timu inaweza kuvunja kanuni bila ya kukusudia hila yoyote, na inaweza pia kutoa amri ambayo mashabiki wanaichukia huku ikiwa haijavunja kanuni hata moja.

Tuanze na jina lenyewe. Neno Formula hapa maana yake ni kanuni, yaani mkusanyiko wa masharti ambayo kila gari ni lazima liyatimize, kuanzia uzito hadi ukubwa wa mabawa yake, na namba 1 huonyesha kuwa hilo ndilo daraja la juu. Masharti hayo hutungwa na FIA, ambalo ni shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, na ubingwa wa dunia wa madereva umekuwa ukishindaniwa tangu mwaka 1950. Sisi wa Afrika Mashariki tumezoea zaidi rali, kwa sababu ya Safari Rally ya Kenya, na huko kila gari huondoka peke yake likishindana na saa. Formula 1 ni tofauti: magari yote huondoka pamoja, aliye mbele unamwona, na kumpita ni shughuli unayoifanya ubavuni mwake. Mwaka 2025 kulikuwa na timu 10, kila moja ikiwa na madereva 2, na mbio kuu 24 katika nchi mbalimbali.

Katika kila mbio, mshindi hupewa pointi 25, wa pili 18, wa tatu 15, wa nne 12, wa tano 10, na hivyo hivyo hadi wa kumi ambaye hupata 1. Katika baadhi ya wiki huongezwa mbio fupi za Jumamosi zenye pointi chache zaidi. Pointi hizo huhesabiwa mara mbili: dereva hujikusanyia zake kwa ajili ya ubingwa wa madereva, na za madereva wawili wa timu moja hujumlishwa kwa ajili ya ubingwa wa watengenezaji, ambao ulianzishwa mwaka 1958. Ubingwa huu wa pili ndio mashabiki wengi huupuuza, na kwa timu ndio wenye fedha, kwa hiyo anayetaka kuelewa kwa nini timu hufanya mambo yanayomkera shabiki wa dereva mmoja asiusahau hata kidogo.

Kwa hivyo lalamiko la kundi la kwanza lina jibu jepesi. Formula 1 ni ligi, haina fainali. Timu ya mpira inayoshinda mechi ya mwisho ya ligi haipewi kombe kwa ushindi huo, bali kombe huenda kwa mwenye pointi nyingi za msimu mzima. Abu Dhabi Verstappen alikuwa wa kwanza, Oscar Piastri wa McLaren wa pili na Norris wa tatu, na pointi 15 za nafasi hiyo zikamfikisha Norris kwenye 423 dhidi ya 421 za Verstappen na 410 za Piastri. Ni kweli kwamba Verstappen alikuwa na ushindi 8 na Norris 7, na kwamba baada ya mbio za Uholanzi mwezi wa Agosti Verstappen alikuwa nyuma ya kinara kwa pointi 104, pengo ambalo sikudhani lingeweza kuzibwa. Kukikaribia kilele hadi pointi 2 baada ya hapo ni kazi kubwa ya udereva. Lakini kazi kubwa si hesabu, na hesabu ndiyo iliyoamua.

Pale maskani, mzee mmoja ambaye hapendi kelele alichukua chaki tunayoandikia alama za dhumna, akaandika 423 ubaoni, chini yake 421, kisha akasema: "Haya, kila mwenye lau yake na ailete." Na lau zilikuja nyingi. Lau Piastri asingempisha Norris kule Monza, Italia, Norris angekuwa na 420 na ubingwa ungekwenda kwa Verstappen. Lau Verstappen asingemgonga George Russell wa Mercedes kule Hispania, angekuwa na pointi 9 zaidi. Lau gari la Norris lisingeharibika Uholanzi akiwa wa pili, na lau asingefutiwa nafasi ya pili ya Las Vegas, angekuwa na pointi 36 zaidi na pasingekuwa na ubishi wowote. Lau Kimi Antonelli wa Mercedes asingeteleza karibu na mwisho wa mbio za Qatar, Norris angemaliza wa tano badala ya wa nne, madereva wawili wangefungana kwa 421, na Verstappen angekuwa bingwa kwa wingi wa ushindi.

Ubao ulijaa. Kilichoonekana hapo ni kwamba kila shabiki alikuwa amechagua lau moja inayompendelea na kuiita ukweli wote, ilhali pointi 2 katika mbio 24 zinaweza kuning'inia kwenye tukio lolote kati ya hayo. Na hata hesabu hizo za chaki ni za kukisia, kwa sababu tukio moja likibadilika na yanayofuata hubadilika: dereva aliye mbele kwa pointi huendesha kwa tahadhari, aliye nyuma huendesha kwa kuthubutu.

Sasa tuje kwenye swali la gari na dereva, ambalo nalipenda kuliko yote kwa sababu sisi watu wa pwani tunalijua vizuri bila ya kujua kuwa tunalijua. Aliyewahi kutazama resi za ngalawa anafahamu kuwa nahodha hodari kwenye ngalawa nzito yenye tanga bovu hatamfikia nahodha wa kawaida aliye kwenye chombo chepesi kilichochongwa vizuri. Lakini waweke manahodha wawili kwenye vyombo vinavyofanana, na hapo ndipo utaona nani anausoma upepo na nani anabahatisha. Formula 1 iko hivyo hivyo, na timu hazinunui gari dukani. Kila timu husanifu bodi ya gari lake yenyewe, na tofauti ndogo za umbo la bawa au sakafu huleta tofauti ya sehemu za kumi za sekunde kwa kila mzunguko, ambazo zikizidishwa kwa mizunguko hamsini au sitini huwa ni umbali wa kutosha kumfanya mtu asionekane.

Mfano ulio bora ni wa Disemba 2020 katika mbio za Sakhir, Bahrain. Lewis Hamilton, dereva wa Mercedes wakati huo, alikuwa ameambukizwa korona, na Mercedes wakamwazima George Russell kutoka Williams, timu ambayo alikuwa hajaipatia hata pointi 1. Gari halikutengenezwa kwa kimo chake, na alilazimika kuvaa viatu vidogo kuliko saizi yake ili miguu ienee kwenye pedali. Kwenye kupanga nafasi za kuanzia alikuwa wa pili, nyuma ya mwenyeji wa timu hiyo, Valtteri Bottas, kwa sekunde 0.026, na siku ya mbio aliongoza sehemu kubwa. Wenye kusema kila kitu ni gari huishia hapo. Lakini mbio zile zilikuwa na sehemu ya pili: mafundi walichanganya matairi ya madereva wao wawili wakati wa kubadilisha, Russell akalazimika kurudi tena, kisha tairi likapata pancha, na akamaliza wa tisa. Kwa siku moja tu tuliona gari, dereva na mafundi, na kila mmoja akiwa na uzito wake katika matokeo.

Kwa hiyo ukitaka kumpima dereva, mlinganishe kwanza na mwenzake wa timu, kwa kuwa hao ndio manahodha walio kwenye vyombo vinavyokaribiana. Mwaka 2025 Verstappen alikusanya pointi 421, na Yuki Tsunoda, aliyelichukua gari la pili la Red Bull kuanzia mbio za Japani, hakufikisha 40 kwa msimu mzima. Ukitaka kuipima timu, tazama wote wawili. McLaren walikuwa na madereva waliomaliza wa kwanza na wa tatu, na ubingwa wa watengenezaji waliutia kibindoni mapema, kwenye mbio za Singapore mwezi wa Oktoba. Wapo pia wanaosema siri ni injini. McLaren, Mercedes, Williams na Aston Martin walitumia injini ile ile ya Mercedes mwaka huo, na Mercedes wenyewe, wanaoiunda, walimaliza nyuma ya mteja wao.

Upepo nao una neno lake. Baharini, ngalawa iliyo upande wa joshi, yaani unakotoka upepo, humkinga upepo mwenzake wa upande wa demani, na tanga la huyo wa pili hulegea ingawa nahodha wake hajafanya kosa. Gari la Formula 1 hugandamizwa chini na hewa inayopita juu na chini yake, na mgandamizo huo ndio unaolishika barabarani kwenye kona. Gari la mbele huiacha hewa nyuma yake ikiwa imevurugika, na anayefuata kwa karibu hupungukiwa na mgandamizo, huteleza kidogo kidogo, na matairi yake huchoka upesi. Kwenye njia iliyonyooka mambo hugeuka: hewa iliyokatwa na wa mbele humpunguzia wa nyuma uzito wa kuipasua, na hupata kasi zaidi. Ndiyo maana dereva mwenye gari la kasi anaweza kukwama nyuma ya gari la pole mizunguko kumi, na shabiki asiyejua akasema amechoka au amehongwa.

*Amri za timu*

Hapa ndipo hasira nyingi zinapozaliwa, na Monza ndiyo iliyotajwa mara nyingi zaidi usiku ule. Kwenye mbio hizo za Italia, Septemba 2025, Verstappen alikuwa mbele na hakuna aliyemfikia, Norris wa pili, Piastri wa tatu. Kila gari ni lazima lisimame angalau mara moja kubadilisha matairi mbio zikiwa kavu, kwa sababu kanuni inataka aina mbili za matairi zitumike, na kusimama huko huchukua sekunde mbili hadi tatu ikiwa mafundi hawakukosea. Anayetangulia kubadilisha hupata faida, kwa kuwa matairi mapya yana kasi wakati mwenziwe bado anaburuza yaliyochakaa. Kwa kawaida McLaren humtanguliza aliye mbele. Siku hiyo walimtanguliza Piastri kwa sababu za kimkakati, kwa makubaliano kwamba Norris hatapoteza nafasi yake. Kisha Norris akasimama, tairi moja la mbele likagoma kufungwa, akakaa karibu sekunde 6, na alipotoka Piastri alikuwa ameshampita.

Mzee wa chaki alichukua vikombe viwili vya kahawa, akaviweka kimoja nyuma ya kingine juu ya baraza, akavivuta polepole, akakipitisha cha nyuma mbele. "Huyu amempita mwenziwe kwa mbio, au amepita kwa sababu mwenziwe kafungwa mguu?" aliuliza. McLaren walijibu swali hilo kwa kumwamuru Piastri airudishe nafasi, naye aliitikia huku akikumbusha redioni kwamba mafundi kuchelewa kulihesabiwa siku zote kuwa ni sehemu ya mashindano. Kwa maoni yangu wote wawili walikuwa na hoja. Timu ndiyo iliyobadilisha utaratibu wa zamu, kwa hiyo ilikuwa na deni kwa Norris. Na Piastri hakufanya kosa lolote, kwa hiyo alikuwa na haki ya kusikitika. Ninachokikataa ni neno wizi, kwa sababu amri hiyo haikuvunja kanuni yoyote ya FIA.

Haikuwa hivyo siku zote. Austria, Mei 2002, Ferrari walimwamuru Rubens Barrichello, aliyeongoza mbio, amwachie Michael Schumacher karibu kabisa na mstari wa mwisho. Watazamaji walizomea, Schumacher kwa aibu akamsukuma mwenziwe kwenye ngazi ya juu ya jukwaa, na timu ikatozwa dola milioni 1 kwa kuvuruga utaratibu wa jukwaani. Kuanzia mwaka uliofuata amri zinazoingilia matokeo zikapigwa marufuku. Marufuku hiyo ilishindwa kwa sababu ya kibinadamu kabisa: timu zilianza kuzungumza kwa mafumbo. Mwaka 2010 kule Hockenheim, Ujerumani, Felipe Massa wa Ferrari aliambiwa redioni tu kwamba mwenzake wa timu, Fernando Alonso, ana kasi kuliko yeye, na akaelewa, akapisha. Ferrari walitozwa dola 100,000, na kuanzia 2011 marufuku ikaondolewa, kwa kuwa sheria isiyoweza kusimamiwa huwanufaisha wajanja peke yao.

Na wanaodhani kuwa hili ni jambo la siku hizi watazame Casablanca, Oktoba 1958, mbio za mwisho za msimu zilizofanyika katika bara letu hili. Stirling Moss wa Uingereza alishinda mbio zile, na kwa msimu mzima alikuwa na ushindi 4. Mwenzake wa nchi moja, Mike Hawthorn wa Ferrari, alikuwa na ushindi 1 tu. Lakini Hawthorn alihitaji nafasi ya pili, Phil Hill wa timu yake akapunguza mwendo akampisha, na ubingwa ukaenda kwa Hawthorn, pointi 42 kwa 41. Ukibadilisha majina, unaweza kudhani ni ubishi wa Abu Dhabi.

*Kosa, adhabu na hila*

Waamuzi wa Formula 1 huitwa wasimamizi, na huwa ni jopo la watu wachache katika kila mbio, wakiwa na picha za kila upande, takwimu za gari na sauti za redioni. Adhabu zao hupanda ngazi: sekunde 5, sekunde 10, kupitishwa njia ya kubadilishia matairi kwa mwendo mdogo, kurudishwa nyuma kwenye mstari wa kuanzia, hadi kufutwa matokeo. Juu ya hayo kuna pointi za makosa kwenye leseni, na anayefikisha 12 ndani ya miezi 12 hufungiwa mbio moja, jambo lililomkuta Kevin Magnussen mwaka 2024.

Watu husema sekunde 10 ni adhabu ya mchezo. Hispania, Juni 2025, inaonyesha vinginevyo. Verstappen aliambiwa na timu yake airudishe nafasi kwa Russell ili kukwepa adhabu, akakasirika, akaonekana kama anampisha, kisha magari yao yakagongana. Alimaliza wa tano, sekunde 10 zikamshusha hadi wa kumi, na badala ya pointi 10 akapata 1. Pia alipewa pointi 3 za leseni zilizomfikisha 11, moja tu kabla ya kufungiwa. Siku ya pili mwenyewe aliandika kwamba tendo lile halikuwa sawa na halikupaswa kutokea. Mimi namheshimu kama dereva hodari kuliko wote wa zama hizi, na kwa hilo hilo nasema kwamba kundi la kwanza la maskani lingeanza kuutafuta mkono uliomnyima ubingwa kwenye usukani wake mwenyewe, siku ile ya Hispania.

Abu Dhabi kulikuwa na kisa cha Tsunoda. Yeye hakuwa akigombea ubingwa, ila Norris alipotoka kubadilisha matairi alimkuta mbele yake, na Red Bull walitaka amcheleweshe. Kumchelewesha mpinzani ili kumsaidia mwenzako ni halali. Kinachokatazwa ni namna: dereva anayejilinda anaruhusiwa kubadili njia mara moja, na Tsunoda alibadili zaidi ya mara moja. Mfikirie dereva wa daladala anayemwona mwenziwe akija nyuma kutoka Darajani. Akishika upande wake wa barabara mapema amefanya ushindani. Akianza kuyumba kulia na kushoto kila mwenziwe anapochungulia, ameweka roho za watu hatarini. Tsunoda alipewa sekunde 5, na Norris, aliyempita huku akiwa nje ya mistari ya njia, hakuadhibiwa kwa kuwa alisukumwa huko. Waliosema Norris alipendelewa walikuwa wametazama magurudumu ya Norris bila ya kutazama kilichoyatoa njiani.

Las Vegas nayo imepotoshwa sana. Chini ya kila gari kuna ubao ambao unene wake huanza na milimita 10 na hautakiwi kulika hadi chini ya 9. Uliwekwa mwaka 1994, baada ya vifo vya Roland Ratzenberger na Ayrton Senna kule Imola, ili timu zisiyashushe magari mno kutafuta mgandamizo. Baada ya mbio za Las Vegas Novemba 2025, mbao za magari yote mawili ya McLaren zilionekana zimelika kupita kiasi, kwa sehemu ndogo tu ya milimita, na Norris na Piastri wakafutiwa matokeo. Mitaani ikasemwa McLaren wamekamatwa na wizi. Wasimamizi wenyewe walikubali kwamba haikuwa kwa kukusudia. Mkulima wa Pemba anayepeleka karafuu kituoni zikakutwa bado na unyevu hurudishwa nazo akaanike tena, na hakuna amwitaye mwizi. Kipimo hakiulizi nia. Formula 1 haina nafasi ya kuanika tena, kwa hiyo kila kitu hupotea. Russell aliupoteza ushindi wa Ubelgiji mwaka 2024 kwa gari lililopungua kilo 1.5.

Hila ya kweli ina sura nyingine. Singapore 2008, timu ya Renault ilimtaka dereva wake Nelson Piquet Jr agonge ukuta makusudi ili gari la usalama, yaani lile linalowaongoza wote kwa mwendo mdogo baada ya ajali, litoke na Alonso, mwenzake wa timu wakati huo, anufaike, na Alonso akashinda. Siri ilifichuka mwaka uliofuata, na wakuu wa timu wakaondoka. Huko kulikuwa na nia, mpango na usiri, na maisha ya watu yaliwekwa rehani. Anayeliweka tukio hilo kapu moja na milimita za Las Vegas anaifanya dhambi kubwa ionekane ndogo.

Na kuna kosa la mwamuzi, ambalo si hila ya timu yoyote. Abu Dhabi 2021 ndiyo kidonda ambacho mashabiki wa Hamilton bado wanakifunga bandeji. Yeye na Verstappen walifika siku hiyo wakiwa sawa kwa pointi 369.5. Hamilton aliongoza, gari moja likagonga ukuta mizunguko michache kabla ya mwisho, gari la usalama likatoka, na mkurugenzi wa mbio Michael Masi akaruhusu magari matano tu, yaliyoachwa mzunguko mzima na yaliyokuwa kati ya wagombea hao wawili, yapite mbele, akazirejesha mbio kwa mzunguko mmoja. Verstappen, mwenye matairi mapya, akampita Hamilton mwenye matairi yaliyochakaa. Taarifa ya FIA ya Machi 2022 ilisema kulikuwa na kosa la kibinadamu lililofanywa kwa nia njema, na Masi aliondolewa kwenye kazi hiyo. Mashabiki wa Hamilton wana haki ya uchungu wao. Lakini Verstappen hakuwa mwamuzi. Aliambiwa mbio zinaendelea, akaendesha.

Linalobaki ni uungwana, ambao hauna jopo la wasimamizi. Qatar, wiki moja kabla ya ubingwa kuamuliwa, Antonelli, kijana wa miaka 19, aliteleza karibu na mwisho na Norris akampita. Dakika chache baadaye wakubwa wa Red Bull walidokeza kuwa amempisha kwa makusudi. Picha zilionyesha wazi gari lilivyomponyoka, na siku iliyofuata Red Bull walitoa taarifa kwamba maneno yale hayakuwa sahihi na kwamba wanasikitishwa na yaliyomfika kijana huyo. Kwa wakati huo alikuwa ameshatukanwa mtandaoni na watu wengi, na baadhi ya matusi hayo yalipita hata kwenye makundi ya simu ya hapa petu, yakitumwa na watu ambao wasingethubutu kumtukana mtoto wa jirani kwa kuangusha ndoo. Hilo liliniumiza kuliko matokeo yoyote ya msimu.

Ndipo nikawasimulia wenzangu upande wa pili wa mwaka 1958. Miezi miwili kabla ya Casablanca, mwezi wa Agosti kule Porto, Ureno, Moss alishinda na Hawthorn akawa wa pili, lakini Hawthorn aliitwa mbele ya waamuzi kwa tuhuma kwamba gari lake lilipozimika aliliwasha kwa kulisukuma kinyume na uelekeo wa mbio. Nafasi yake ilikuwa ifutwe. Moss, mpinzani wake mkubwa, alikwenda mwenyewe kutoa ushahidi: alimwona, na Hawthorn alikuwa kando, nje ya njia ya mbio, kwa hiyo hakukosa. Waamuzi wakamrudishia nafasi. Bila ya pointi hizo za Porto, Moss ndiye angekuwa bingwa wa mwaka ule, na hadi anastaafu hakuwahi kuwa bingwa wa dunia.

Mzee aliuliza tena zile pointi zilikuwa ngapi, nikamwambia 42 kwa 41. Alipangusa lau zote ubaoni, akaziacha 423 na 421, akaziandika na hizo mbili chini yake.